Madoa Tisa ya Njano

Kila mwaka, shule zikifungwa kwa likizo ndefu, taasisi yetu ya kupima maji hugundua ghafla kwamba inawapenda watoto. Miezi mingine yote hakuna mtoto anayevuka geti, hata awe wa mfanyakazi aliyekuja kufuata funguo za nyumbani. Likizo ikifika, ukutani panatundikwa bango la mtoto anayechungulia kwenye darubini huku amefumba macho yote mawili, na Mkurugenzi anaanza kutembea kama baba wa bibi harusi.

Sisi wa maabara tunamwita Bwana Kesho. Hajui kufungua kinywa bila kutaja wanasayansi wa kesho, taifa la kesho, dunia ya kesho. Maji ya leo, ambayo ndiyo tunalipwa kuyapima, hayajawahi kumkosesha usingizi.

Programu yenyewe ni ya wiki sita, kwa wanafunzi ishirini wa sekondari, na jina lake ni refu kuliko kazi inayofanyika. Siku ya kwanza wanavalishwa makoti meupe ya watu wazima, mikono inawafunika hadi vidole, wanapangwa kwenye ngazi, wanapigwa picha. Baada ya hapo hakuna anayejua wafanye nini. Wiki ya kwanza wanasikiliza mada. Wiki ya pili wameshagawanywa maofisini: huyu anatoa kopi, yule anapanga mafaili, na mwaka juzi mmoja alichemsha chai vizuri hivi kwamba watu wa uhasibu waliandika barua kuomba aongezewe muda. Huyo naye alipewa cheti cha sayansi, chenye muhuri.

Wazazi ndio wanaonichefua zaidi. Fomu ya maombi inamtaka mtoto aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini anapenda sayansi, na kwa kuwa kila mwaka natupiwa kazi ya kuzipanga fomu hizo, nimeshasoma maneno ya mtoto wa miaka kumi na sita yanayoanza na "kwa kuzingatia uzoefu wangu wa muda mrefu". Uzoefu wa muda mrefu wa nini, wa kunyonya? Lakini anachaguliwa, kwa sababu baba yake anafahamika.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili, na ulimi wangu unajulikana jengo zima. Dada yangu anasema nilizaliwa nimekunja uso na mkunga akaniomba radhi. Sijali. Mtu akifanya upuuzi mbele yangu namwambia, na kama ni bosi namwambia dereva wa taasisi, ambaye ana masikio mazuri na hana haraka.

Mwaka huu upuuzi ule ulinigusa nyumbani, kwa sababu mmoja wa wale ishirini alikuwa binti wa huyo huyo dada yangu. Ananiita mama mdogo, na amekaa kwangu tangu aanze sekondari. Mtaani wanamwita Daftari. Anaandika kila kitu: bei ya sabuni ilipopanda, siku taa ya ngazini ilipoungua, mara ngapi nimesema nitaacha kula sukari. Sikumsaidia kuingia kwenye programu. Nataka hilo lieleweke. Alifanya mtihani kama wengine, akashika nafasi ya saba, na karatasi yake niliomba isahihishwe mara mbili mimi nikiwa nje ya chumba.

Kwenye ujinga wote ule kulikuwa na kitu kimoja cha maana. Mwanafunzi mmoja, mmoja tu, anayeshika nafasi ya kwanza siku ya kufunga, anapelekwa chuo cha maabara miaka mitatu na taasisi inabeba gharama. Wengine wanapata cheti na soda. Kwa watoto wa wakubwa chuo kile ni kitu cha kuringia wageni. Kwa Daftari kilikuwa mlango pekee. Mama yake anashona sare za shule, na alishaniambia kwa simu, bila kulia, kwamba mtoto akimaliza sekondari atamfundisha kukata vitambaa kwa sababu zaidi ya hapo hana uwezo. Nikamwambia asimnunulie mkasi kwanza, asubiri likizo ipite.

Bwana Kesho alimleta maabara kwangu kwa sababu hakuna msimamizi mwingine aliyetaka mtoto. Akasema, "Huyu si wako? Kaa naye." Hivyo ndivyo vipaji vya kesho vinavyogawanywa.

Kupima maji si uchawi. Unachuja maji ya bomba kwenye karatasi nyembamba, unailaza karatasi kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, unaingiza kwenye kabati la joto la nyuzi arobaini na nne, unarudi kesho yake asubuhi. Kama maji yameingiliwa na kinyesi, karatasi inaota madoa ya njano. Unayahesabu. Mjinga yeyote anaweza kuyahesabu. Kazi ni kujua kama madoa yametoka kwenye maji au yametoka kwako.

Ndiyo maana kila siku, kabla ya sampuli ya kwanza, tunachuja sampuli tupu. Ni maji ya kusuuzia vyombo vya kuchujia kati ya sampuli na sampuli, yaliyokwisha kupikwa kwenye mashine ya mvuke mpaka hakuna kilicho hai ndani yake. Kisahani chake kinatakiwa kibaki kisafi. Kikiota hata doa moja, matokeo ya siku nzima yanatupwa, hata kama umezunguka mji kwa miguu kuyatafuta. Na kwenye shingo ya kila chupa ya maji hayo tunabandika kipande cha utepe ambacho mistari yake inageuka myeusi mvuke ukiwa umefanya kazi. Sheria yangu ya kwanza kwa kila anayeingia pale ni hiyo: hugusi chupa kabla ya kuangalia utepe. Nimewahi kumfokea mtu mwenye shahada tatu kwa sababu ya utepe, na aliomba msamaha.

Daftari aliyaandika hayo yote. Kisha akauliza kwa nini sampuli tupu inawekwa mwanzo tu. Kama kitu kimeharibika katikati ya kazi tutajuaje? Nikamwambia ni swali zuri, ila visahani havitoki mbinguni, moja inatosha. Akaandika na hilo.

Alichagua mabomba kumi na mawili ya watu wa kawaida: la sokoni, la zahanati, la shule yake, la pale wanapooshea magari, na mengine ya namna hiyo. Kila Jumatano, kwa wiki nne, alikuwa anayazungukia asubuhi na boksi la barafu begani, anarudi saa sita, tunachuja, Alhamisi tunasoma. Wiki ya kwanza: sifuri, sifuri, moja, sifuri. Wiki ya pili: sifuri tupu, na mbili pale wanapooshea magari. Habari njema kwa wanywaji na habari mbaya kwa mashindano. Nani atampigia makofi mtoto anayekuja kutangaza kwamba maji hayana neno?

Na mpinzani alikuwapo. Kulikuwa na kijana wa mkandarasi fulani, mtoto mwenye adabu, sina ugomvi naye, aliyekuja na roboti. Roboti yenyewe ina magurudumu manne na mkono wa kuokotea chupa za plastiki. Alisema ameibuni kwa miezi minane. Dereva, aliyetumwa kwenda kuichukua kwao, aliliona boksi lake la dukani kwenye gari la baba, na kitabu cha maelekezo bado kimo kwenye nailoni yake. Roboti ilikuwa imesuguliwa ubavuni pale palipokuwa na nembo, halafu pamebandikwa bendera ya karatasi.

Jumatano ya wiki ya tatu wakaja wafadhili. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha ya kukata na shoka. Bwana Kesho akataka roboti ionyeshwe, na sakafu pekee isiyo na mashimo katika taasisi ya sayansi ni ya chumba chetu cha kuoshea vyombo, chenye ile mashine ya mvuke. Wakaingia wote humo, suti na viatu vinavyolia, wakaisambaza mitambo yao. Roboti ikaenda hatua mbili ikafa. Ikahitaji umeme. Wakachomoa waya, wakachomeka wao, ikafufuka, ikaiendea chupa ya plastiki, ikaikosa, ikamkamata mfadhili mmoja suruali.

Mimi na dereva tulikuwa dirishani. Nilicheka mbavu zikaniuma. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na kila nilipotaka kuacha dereva aliiga sauti ya Bwana Kesho akieleza kwamba suruali ile ilikuwa sehemu ya majaribio. Niliporudi ndani wageni walikuwa wameshaenda kunywa chai. Nikafungua mashine ya mvuke, nikatoa chupa zangu za maji ya kusuuzia, nikaenda nazo maabara nikiwa bado nafuta machozi. Daftari aliingia na boksi lake, viatu vimejaa matope, tukaanza kuchuja. Mwishoni nikaona ameongeza kisahani kimoja, amekiandika kumi na mbili B. Nikadhani amerudia bomba la mwisho. Nikaacha.

Alhamisi niliwahi. Saa moja na nusu nilikuwa nimeshafungua kabati la joto, na kwa mara ya kwanza mradi wa mtoto ulikuwa na kitu cha kusema. Bomba la soko, madoa kumi na nne. Zahanati, kumi na moja. Shule, tisa. Karibu yote yameota, baada ya mvua! Niliona kila kitu kwa mara moja: chati yenye nguzo ndefu katikati, ukumbi umenyamaza, mtoto anaeleza jinsi mvua inavyosukuma uchafu kwenye mabomba yaliyopasuka. Hakuna roboti ya kushindana na hiyo.

Kisha nikachukua sampuli tupu, nikaigeuza kwenye mwanga. Madoa tisa, ya njano, ya mviringo, yamekaa vizuri kabisa.

Sikuhitaji kuambiwa maana yake. Niliijua kabla sijamaliza kuhesabu. Waya walioung'oa ulikuwa wa mashine yangu. Maji hayakupikwa. Madoa ya soko, ya zahanati na ya shule huenda yote yalitoka kwenye chupa zangu mwenyewe, na mimi, mwenye sheria ya utepe, sikuuangalia utepe kwa sababu nilikuwa na kazi ya kuwacheka wajinga.

Nilichotakiwa kufanya ni kuandika tisa kwenye rejista, kupiga mstari kwenye siku nzima na kumwambia mtoto. Nilisimama pale na kalamu. Nikajiambia kwamba mvua ilinyesha kweli. Nikajiambia kwamba baada ya mvua maji huchafuka, hilo linajulikana, kwa hiyo matokeo yale yalikuwa ya kweli hata kama hayakuwa sahihi. Nikajiambia kwamba kila mzazi katika programu ile ameshasukuma kidogo, na huyu wa kwangu hana wa kumsukuma zaidi yangu. Nikakitumbukiza kisahani kwenye ndoo ya taka za sumu, nikaandika sifuri. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Daftari alikuja saa mbili. Alihesabu madoa yote mwenyewe, kimyakimya, akayaandika. Alipofika kwenye kumi na mbili B alikaa nacho muda mrefu. Nikamuuliza kama amefurahi. Akasema matokeo ni makubwa. Baadaye nilimwona chumba cha kuoshea vyombo, anapekua chupa tupu zilizokuwa zikisubiri kuoshwa. Nikadhani anatafuta kifuniko.

Wiki ya nne maji yakarudi kuwa safi, jambo ambalo kwenye chati lilipendeza sana. Wiki ya tano aliandika ripoti yake kwa mkono kisha akaichapa kwenye kompyuta ya ofisini. Nilijizuia kuisoma. Nilikuwa na fahari hiyo bado, kwamba mimi si wale wazazi.

Siku mbili kabla ya kufunga tulikuwa jikoni tunakunja nguo. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Mama mdogo, ile sampuli tupu ya wiki ya tatu uliisoma mwenyewe?"

"Niliisoma mwenyewe."

"Ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi," nikamjibu, na nikamkumbusha kwamba soksi zinakunjwa kwa jozi.

Sherehe ya kufunga ilifanyika ukumbi wa mikutano, ule wenye viti vya kukunja na pazia linalonuka vumbi. Wazazi walijaa mbele. Mimi nilikaa safu ya tatu, pembeni, nimevaa koti langu la kazi lililopigwa pasi. Meza ya majaji ilikuwa na watu watatu: Bwana Kesho, mtu wa wafadhili, na mhadhiri mmoja wa chuo, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilishamdharau kabla hajakaa. Nilimnong'oneza dereva kwamba huyo amekuja kufuata bahasha na chakula cha mchana.

Roboti ilianza. Safari hii ilikuwa na chaji, ikaokota chupa tatu, ukumbi ukalipuka. Mkandarasi alisimama kupiga picha, akasahau kukaa. Mhadhiri alimuuliza kijana mkono ule unajuaje umbali wa chupa. Kijana akasema kwa teknolojia. Mhadhiri akaandika kitu kifupi.

Wakafuata wengine, kila mmoja na bango lake la rangi. Daftari alikuwa wa mwisho. Alipanda na karatasi nne bila picha hata moja. Koti lilimzidi, alikuwa ameikunja mikono yake mara tatu. Akaeleza mabomba, akaeleza jinsi ya kuchuja, akaonyesha wiki ya kwanza na ya pili. Mimi nilikuwa nasubiri nguzo ndefu.

Akasema, "Wiki ya tatu nimeiondoa."

Akaendelea kwa sauti ileile ya kusoma bei ya sabuni. Alisema siku ile aliongeza sampuli tupu mwishoni mwa kazi, bila kumwambia mtu, kwa sababu alitaka kujua kama moja ya mwanzo inatosha. Aliiita kumi na mbili B. Iliota madoa kumi na moja. Akakagua chupa za maji ya kusuuzia na kukuta mistari ya utepe haikugeuka myeusi, maana yake mvuke haukufanya kazi. Kwa hiyo hajui madoa ya wiki ile yalitoka wapi, na hawezi kuwaambia watu wa sokoni kwamba maji yao ni machafu wakati huenda uchafu ni wa maabara. Anachoweza kusema ni kwamba kwa wiki tatu alizopima vizuri, maji karibu yote ni salama, na kwamba baada ya mvua inabidi mtu apime upya.

Wazazi walianza kutazamana. Bwana Kesho alikuwa na tabasamu la mtu anayesubiri basi. Lakini yule mhadhiri alikuwa ameweka kalamu chini. Alisema amefundisha miaka thelathini na hajawahi kumwona mwanafunzi wa sekondari akifuta matokeo yake mwenyewe mbele ya watu, na watu wazima waliowahi kufanya hivyo anawahesabu kwa mkono mmoja. Akamgeukia Mkurugenzi, akamwambia jambo kwa sauti ya chini, Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Nilimwona mhadhiri akivuta karatasi ya maksi. Mtoto alikuwa ameshaipata nafasi. Naapa alikuwa ameshaipata.

Kisha mhadhiri, kwa kuwa ndiye mtu pekee katika jengo lile anayesoma kinachowekwa mbele yake, akafunua ukurasa wa nyuma wa ripoti. Daftari alikuwa ameambatisha kopi za rejista, kama nilivyomfundisha.

"Hapa kuna sampuli tupu ya mwanzo, siku hiyohiyo, chupa hizohizo," akasema. "Imeandikwa sifuri. Inawezekanaje?"

"Haiwezekani," Daftari akasema.

"Basi iliota pia?"

"Lazima iliota."

"Na nani aliandika sifuri?"

Mtoto aliinua macho, akatazama ukumbi. Hakuangalia huku na huko. Aliangalia safu ya tatu, pembeni, moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kukunja, magoti yangu mazima, ulimi wangu uleule uliokuwa ukiwashughulikia watu wiki sita. Kusimama kunachukua nini? Nilifikiria miaka ishirini na miwili. Nilifikiria Bwana Kesho akiniandikia barua. Niliangalia viatu vyangu. Kimya kikawa kirefu mpaka mtu mmoja akakohoa kwa niaba ya wote.

"Ni mimi," Daftari akasema.

Mhadhiri akarudia kuiangalia kopi. Akamuuliza kama ana uhakika. Akasema ana uhakika. Mhadhiri akavua miwani, akaishika mkononi, na ile karatasi ya maksi akaisukuma pembeni. Akaeleza taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba kukosea kunasameheka na kufuta kosa kunasifiwa, lakini aliyeandika namba ambayo hakuiona hawezi kupewa nafasi ya chuo cha maabara, hata kama baadaye amejirudi. Bwana Kesho akadaka hapohapo, akatoa hotuba kuhusu uadilifu wa kesho.

Roboti ikashinda. Nilipiga makofi. Wote walikuwa wanapiga, na mtu asiyepiga angeonekana, kwa hiyo nilipiga. Kijana wa mkandarasi alipopanda kupokea barua alionekana kama anayetaka kurudi kukaa. Sikuweza hata kumdharau. Watu wote niliowacheka mwaka hadi mwaka, wenye insha za kuandikiwa na roboti za dukani, walifanya upuuzi wao wakisimama hadharani na jina lao. Mimi nilifanya wangu nikiwa peke yangu na ndoo ya taka, halafu nikamwachia mtoto.

Tulitoka kwa geti dogo. Dereva alitupungia, hakusema neno, na kwa mtu yule kunyamaza ni tusi kubwa. Jua lilikuwa bado kali. Daftari alitembea mbele yangu kidogo, na cheti chake cha ushiriki kimekunjwa mara mbili. Nilitafuta pa kuanzia. Nikasema majaji wale hawajui chochote. Nikasema Jumatatu nitaenda kumwona Mkurugenzi, nimweleze, mambo haya huwa yanarekebishika. Hata mimi nilisikia jinsi lile neno Jumatatu lilivyotoka.

Mwisho nikamuuliza nilichokuwa nataka kuuliza. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

Alisimama, akanigeukia. Hakuwa analia, wala hakuwa na hasira ambayo ningeweza kujitetea nayo.

"Sikusema mara moja, mama mdogo. Nilihesabu kwanza mpaka ishirini, taratibu, nakuangalia. Nilijua utasimama."

Akaniomba simu ampigie mama yake, na mimi nikampa.